Miaka miwili, Kimakonde na Kiswahili: amechelewa kusema?

Mama wa Newala: Mwanangu ana miezi 24. Bibi humsemesha Kimakonde, sisi Kiswahili. Maneno ya Kiswahili hayafiki 30. Tuache Kimakonde?

Mlezi, Lindi: Usiache, dada! Hesabu maneno ya lugha zote mbili. "Maji" kwa lugha ya bibi nalo ni neno. Umri huo hutarajiwa kama 50, na kuunga mawili: "taka uji". Kuangusha "na-" ya "nataka" ni kawaida, usimkemee. Mjibu, "Unataka uji? Uji huu hapa," kisha nyamaza sekunde tano, naye apate nafasi. Wengi hukosea hapo, humsemea kila kitu.

Masikio kwanza: Mwite kwa sauti ya chini ukiwa nyuma yake. Asipogeuka, au sikio likitoa usaha, mpeleke hospitali apimwe usikivu.