Naomba ushauri: Nimeitwa Dar es Salaam peke yangu, je, mwimbaji wa bendi ya roki anaweza kusimama bila wenzake?

Sauti ya Iyunga aliandika:

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu wa rika langu habari za leo.

Mimi ni binti wa miaka 27, mkazi wa Mbeya, na tangu mwaka 2019 ninaimba katika bendi ya roki yenye watu watano. Tulianza tukiwa wanafunzi, tukaendelea hata baada ya kila mmoja kupata shughuli yake. Mazoezi tunafanyia Uyole, kwenye ghala la mahindi la baba yake mpiga dramu, na msimu wa mavuno inatubidi tusubiri magunia yauzwe ndipo tupate nafasi ya kusimama. Tuna nyimbo zetu 14, zote kwa Kiswahili.

Mwezi uliopita tulipiga kwenye hafla moja Soweto, hapa hapa Mbeya, na miongoni mwa waalikwa alikuwepo bwana mmoja anayesimamia wasanii Dar es Salaam. Siku mbili baadaye alinipigia simu akasema ananihitaji mimi tu. Hoja yake ni kwamba watu wanakuja kumtazama mwimbaji, na kwamba kusafirisha watu watano pamoja na dramu na spika kwa zaidi ya kilomita 800 ni gharama ambayo hakuna shoo itakayoirudisha. Muziki utatengenezwa kwa kompyuta studioni. Anataka nirekodi nyimbo sita, nne kati ya hizo ziwe zile tunazopiga na bendi, kisha nisaini mkataba wa miaka mitano. Amenipa hadi mwisho wa mwezi huu kutoa jibu, na wenzangu bado sijawaambia.

Kuna jambo lililotokea Jumapili iliyopita ambalo linaninyima usingizi. Baridi ya Juni ilikuwa imenikaba koo, na tulipofika kiitikio cha wimbo wa pili sauti yangu ikagoma kupanda. Sikusema neno. Mpiga gita la solo alinitazama mara moja tu, akainama, akalegeza nyuzi zote sita, mmoja baada ya mwingine, akamnong'oneza wa besi, tukaurudia wimbo ukiwa chini kidogo, nami nikauimba mpaka mwisho. Tangu siku hiyo najiuliza kama sauti inayosifiwa ni yangu kweli au ni yetu sote. Naomba mnishauri, hasa nyinyi mnaoufahamu muziki huu na historia ya waliowahi kutoka kwenye bendi.

Gita Kavu wa Forest alijibu:

Marahaba mdogo wangu. Swali lako ni zito, na jibu langu litakuwa refu kwa sababu mwanamuziki ninayemkumbuka kwanza ninaposoma habari yako alizaliwa hapa hapa nchini kwetu.

Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, ndiye sauti ambayo wengi wakiulizwa kuhusu roki huitaja kabla ya nyingine zote. Mwaka 1985, akiwa katika kilele cha umaarufu, alitoa albamu yake binafsi iitwayo Mr. Bad Guy, na nyimbo zote alizitunga mwenyewe. Ilifika nafasi ya 6 Uingereza, lakini Marekani haikutikisa chochote, na haikukaribia mauzo ya albamu kubwa za bendi yake, Queen. Haikupita miezi mitatu, tarehe 13 Julai mwaka huo huo, mtu yule yule mwenye koo lile lile alipanda jukwaa la Wembley pamoja na Queen kwenye tamasha la Live Aid, mbele ya watu wapatao 72,000, na dakika zile ishirini na ushee zinahesabiwa mpaka leo kuwa miongoni mwa maonyesho bora kuliko yote katika historia ya roki.

Sasa tazama kilichotokea pale. Wimbo uliowafanya watu wote wale wainue mikono na kupiga makofi kwa pamoja ni Radio Ga Ga, na aliyeutunga ni Roger Taylor, mpiga dramu. We Will Rock You ni wa Brian May, mpiga gita. Another One Bites the Dust, ingawa haukupigwa siku ile, ni wa John Deacon, mpiga besi. Kila mmoja kati ya wanne wale alikuwa mtunzi, na kila mmoja alikuwa na ujasiri wa kumwambia mwenzake kwamba wimbo huu bado haujaiva. Msanii aliye peke yake studioni, akizungukwa na watu anaowalipa, hukosa wa kumwambia hivyo.

Kuna jambo jingine ambalo mimi hulirudia kila ninapozungumza na vijana. Baada ya Mercury kufariki tarehe 24 Novemba 1991, wenzake walichukua sauti yake kutoka kwenye nyimbo mbili za ile albamu binafsi, wakaondoa muziki wa zamani, wakapiga wao, wakaziweka kwenye albamu ya Queen ya mwaka 1995 iitwayo Made in Heaven. Moja ni I Was Born to Love You, nyingine ndiyo iliyoipa albamu hiyo jina. Zisikilize zote mbili, ya 1985 kisha ya 1995, moja baada ya nyingine, ukiwa umevaa hedifoni. Sauti ni ile ile, imerekodiwa siku ile ile, lakini gita la May linapoingia utahisi kama mtu aliyekuwa akiimba kwenye chumba kitupu amefunguliwa mlango. Sikuambii usiende. Nakuomba ufanye zoezi hilo kabla ya kujibu.

Mama Mwanjelwa alijibu:

Mwanangu, mimi si mwanamuziki, ninauza vitambaa Mwanjelwa, lakini muziki nimeusikiliza tangu enzi za kanda. Ndugu hapo juu amesema kweli, ila asikutishe.

Tina Turner alitoka kwa mumewe Ike, ambaye pia ndiye aliyekuwa kiongozi wa bendi, mwaka 1976. Walipoachana kisheria hakudai mali, alichokipigania ni jina lake la jukwaani. Akaimba kumbi za kila namna ili alipe madeni, na watu wakamhesabu kuwa amekwisha. Albamu yake Private Dancer ilitoka mwaka 1984, yaani miaka minane baadaye, naye akawa mkubwa kuliko alivyokuwa wakati wowote akiwa na Ike. Kwa hiyo inawezekana, tena kwa mwanamke, tena kwenye roki. Swali ambalo mimi kama mzazi ningekuuliza ni hili: hiyo miaka minane unayo? Utakula nini na kulala kwa nani Dar es Salaam kama nyimbo za kwanza na za pili hazikushika? Bwana huyo amekuambia atakulipia pango, au amezungumzia nyimbo tu?

Halafu Tina alikuwa anakimbia mateso. Wewe wenzako wanakulegezea nyuzi za gita ukiwa mgonjwa.

Mpenda Besi alijibu:

Dada, kabla hatujaendelea, katika hizo nyimbo 14, melodi ngapi zilitoka kichwani mwako? Siulizi maneno, nauliza melodi. Sting alipoiacha The Police na kutoa albamu yake ya kwanza mwaka 1985 hakuyumba, kwa sababu nyimbo nyingi za bendi ile zilizopendwa zilikuwa zake tangu mwanzo. Alichokibeba alipoondoka kilikuwa ndani yake. Ozzy Osbourne alifukuzwa Black Sabbath mwaka 1979, na yeye mashairi mengi alikuwa akiandikiwa na mpiga besi, Geezer Butler. Kilichomwokoa ni kumpata Randy Rhoads kwenye gita na Bob Daisley kwenye besi na mashairi. Alitoka bendi moja akaunda nyingine, ingawa kwenye jalada la albamu lilikaa jina lake peke yake.

Dramu ya Kihesa alijibu:

Kamwene dada, nakuandikia kutoka Iringa.

Mimi nimekaa upande ule mwingine, yaani upande wa walioachwa, na ninaomba uruhusu niueleze kwa sababu hakuna aliyeugusa. Bendi yetu ilikuwa ya watu wanne. Mwimbaji wetu aliondoka siku ya Ijumaa, na sisi tukapata habari Jumamosi asubuhi kutoka kwa mwenye ukumbi, aliyetuuliza kama bado tutapiga jioni ile. Tulipiga. Mimi niliimba nyuma ya dramu, vibaya, na watu wakaondoka kabla ya saa nne. Kuondoka kwake nilishamsamehe, maana kila mtu ana riziki yake. Kilichoniuma mpaka leo ni kwamba tulikula naye ugali Alhamisi na hakusema.

Usidhani pia kwamba bendi yako itakufa. David Lee Roth alipotoka Van Halen mwaka 1985, wengi walidhani kundi limekwisha. Mwaka uliofuata walitoa albamu 5150 wakiwa na Sammy Hagar, na ikawa ya kwanza yao kushika nafasi ya 1 Marekani. Roth naye alifanya vizuri mwaka huo huo, lakini angalia alivyofanya: alimtafuta Steve Vai kwenye gita na Billy Sheehan kwenye besi. Na hapa kwetu Mbaraka Mwinshehe alipoiacha Morogoro Jazz mwaka 1973, pamoja na kwamba alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga gita la solo kwa wakati mmoja, hakwenda peke yake, bali aliunda Super Volcano. Mwimbaji Hassan Rehani Bitchuka amehama kati ya bendi za Msondo na Sikinde zaidi ya mara moja na sauti yake ikabaki kupendwa, lakini kila alikokwenda alikuta watu wamekaa na ala zao wanamsubiri.

Kwa hiyo mimi naona huyo bwana wa Dar es Salaam hakuitathmini kazi yenu vizuri. Amesikia sauti ikiwa imebebwa na watu wanne, akadhani inatembea yenyewe.

Karani wa Kabwe alijibu:

Nitagusa mkataba tu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu ya kila siku. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inamlinda aliyetunga maneno na aliyetunga muziki, na kazi mliyoitunga pamoja haki yake ni yenu pamoja. Zile nyimbo nne za bendi huwezi kuzipeleka peke yako bila ridhaa ya wenzako, hata kama kila neno uliliandika wewe, na meneja anayekuambia vinginevyo anakutia hatarini. Jambo la pili, je, jina la bendi mmelisajili BRELA, yaani wakala wa serikali wa kusajili biashara, na limesajiliwa kwa jina la nani? Jambo la tatu, usikubali kusaini miaka mitano bila kipengele kinachosema wazi ni nyimbo ngapi atazitoa kila mwaka na kwa gharama ya nani, maana msanii anaweza kufungwa miaka yote hiyo bila wimbo hata mmoja kutoka, na bila ruhusa ya kuimba kwingine. Omba mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili, ukae nao siku saba, umpelekee wakili.

Sauti ya Iyunga aliandika:

Ndaga fijo, yaani asanteni sana, kwenu nyote, nimesoma kila neno zaidi ya mara moja.

Mpenda Besi, nilikaa na daftari jana usiku nikazipitia nyimbo zote 14. Maneno ya nyimbo 11 ni yangu. Melodi zilizoanzia kwangu ni nne tu. Nyingine zote zilianza na mpiga gita au na mpiga besi akichezea nyuzi wakati tunasubiri umeme urudi, mimi nikaja kuweka maneno juu yake. Sikuwahi kuhesabu hivyo kabla, na nakiri kwamba hesabu hiyo imenishtua. Nilimwomba jirani yangu anayepiga gita kanisani anisindikize hizo nne, tukakaa barazani tukazipiga bila spika wala dramu. Mbili zilisimama vizuri. Mbili zilikuwa kama nyumba isiyo na paa.

Gita Kavu, nimesikiliza ule wimbo wa 1985 na ule wa 1995. Nililia kwenye ule wa pili, na sijui kama ni kwa sababu ya gita au kwa sababu nilikuwa nawaza Uyole.

Mama Mwanjelwa, shikamoo. Pango hakulitaja. Nilimpigia leo asubuhi nikamuuliza, pamoja na yale aliyoniandikia Karani wa Kabwe kuhusu idadi ya nyimbo kwa mwaka. Alisema hayo tutayazungumza nikishafika Dar es Salaam. Nimemjibu kwamba zile nyimbo nne za bendi siwezi kumpa, kwamba mbili zangu nitamwimbia akitaka, na kwamba sitasaini kitu ambacho sijakaa nacho nyumbani siku saba. Amesema atanipigia.

Dramu ya Kihesa, pole sana kaka. Mazoezi ni keshokutwa Jumapili saa tisa alasiri, magunia yamebaki machache. Nitafika saa nane, niwahi kabla hawajafunga nyaya, niwaambie wote wanne tukiwa tumekaa.