3D msituni, ligi ya ukumbini au shabaha za uwanjani: mtu mzima aanzie wapi?

BabaNeema (Louisville, Kentucky)
Habari za wikendi, wakubwa. Binti yangu yuko darasa la tano na shuleni kwao wanafundishwa kurusha mishale. Mpango huo wa mashuleni ulianzia hukuhuku Kentucky mwaka 2002, kwa hiyo kila mtoto mtaani ana mdomo wa bingwa. Nimempeleka mashindanoni, nikakaa benchi saa tatu nzima, mwisho nikajikuta nanyoosha mkono wa kushoto hewani kama mwehu. Na mimi nataka kuingia. Nina miaka 43, na upinde wa mwisho kuushika ulikuwa wa mti wa mkole na kamba ya katani, utotoni Kasulu.
Karibu yangu kuna klabu ya msituni inayopiga 3D (shabaha za sanamu za wanyama za povu) Jumapili moja kila mwezi, duka lenye ukumbi na ligi ya Jumanne usiku, na uwanja wa nje wenye shabaha za rangi. Nianze na kipi? Na ninunue upinde gani? Bajeti dola 300, na zikizidi mama Neema asijue.

Mzee_wa_Podo (Columbus, Ohio)
3D, hata usiulize mara mbili. Mnatembea watu wanne msituni, mnakuta kulungu wa povu amejibanza nyuma ya mti, unasimama kwenye kigingi cha daraja lako, unapiga mshale mmoja, mnasonga. Kwetu duara la ndani kabisa ni 12, linalofuata 10, kifuani kwingine 8, popote pengine mwilini 5. Ukikosa, sifuri, na wenzako wanakusaidia kuutafuta mshale. Hakuna anayekusimamia mgongoni. Wazee wa pale watakufundisha bure, tena vizuri kuliko kocha yeyote.
(Wahadzabe wa Eyasi wangetuona tunavyomnyatia bata mzinga wa plastiki wangeanguka kwa kicheko.)

MamaPacha (Leicester)
Kaka Podo, unamwambia mtu ambaye hajavuta upinde miaka thelathini aende msituni? Huko umbali hauambiwi mara nyingi, unakisia. Mtu hajui kama mshale umekwenda juu kwa sababu amekisia vibaya au ameachia vibaya. Atajifunza nini hapo?
Huku Uingereza klabu nyingi hazikupokei mpaka umalize kozi ya wanaoanza. Nililalamika sana, sasa nashukuru. Wiki ya kwanza walinipima jicho: unyooshe mikono, ufanye kitundu kwa viganja, utazame saa ya ukutani, halafu ufumbe jicho mojamoja; jicho linaloendelea kuiona saa kitunduni ndilo linalotawala. Mimi naandika kwa mkono wa kulia lakini jicho langu linalotawala ni la kushoto. Ningenunua upinde kabla, ningenunua wa upande usio wangu.
Anza ukumbini, BabaNeema. Umbali haubadiliki, upepo hakuna, kosa ni lako peke yako na unaliona.

Mkamba_Dallas
Naungana na dada, na ninayo sababu begani. Nilipoanza niliingia dukani nikajigamba kwamba babu zangu walikuwa wapiga upinde. Kijana wa kaunta akaniuzia rikavu (upinde usio na magurudumu, wenye ncha zilizopinda mbele) ya paundi 45, yaani uzito wa kuuvuta. Niliuvuta mara mbili nikatabasamu. Mara ya ishirini mkono unatetemeka, naachia kabla ya kufika shavuni, upote unanichapa mkononi mpaka rangi ya zambarau. Miezi miwili sikuweza kunyanyua mtoto.
Mtu mzima anayeanza, paundi 20 hadi 25 zinamtosha. Chukua rikavu ya kufungua vipande vitatu: ukikomaa unabadilisha mikono ya upinde ya juu na chini tu, mpini unabaki uleule. Na usiruhusu mtu yeyote auvute na kuuachia bila mshale. Ile nguvu haina pa kwenda, inaurudia upinde wenyewe, na unaweza kupasuka usoni pake.

BabaNeema
Poleni na bega. Je, ule wenye magurudumu? Wa Neema ni wa namna hiyo na anauvuta kama mchezo.

Mzee_wa_Podo
Wa Neema ni wa mashuleni, una paundi 10 hadi 20 na hauna urefu maalumu wa mvuto, ndiyo maana darasa zima linautumia. Kompaundi, yaani huo wa magurudumu, ya watu wazima ni kitu kingine. Ukifika mwisho wa mvuto uzito unashuka, unashikilia kama robo tu, unalenga kwa utulivu. Lakini lazima ipimwe kwa mikono yako, na dola 300 zako zinaishia hapo kabla ya mshale wa kwanza.

MamaPacha
Hata hiyo rikavu asinunue bado. Kaka, ukumbi wa duka lazima una pinde za kukodi.

BabaNeema
Nimerudi. Jumanne nimekwenda, nikakodi. Yadi 20, mishale 5 kwa zamu, zamu 12, katikati peupe pana alama 5, kwa hiyo ukikamilisha ni 300. Mimi nimepata 131, na nane kati ya mishale yangu ilikwenda ukutani. Firimbi mbili tunasogea mstarini, moja tunapiga, tatu tunafuata mishale. Mara ya kwanza nilitaka kukimbilia wangu baada ya ile moja, mama mmoja wa makamo akanishika ukosi wa shati. Ndiye aliyenionyesha pia kuchomoa: kiganja kwenye shabaha, mkono mwingine karibu na chembe, na nyuma yako asiwepo mtu.
Uwanja wa nje nimeuacha kwanza, kule wote walikuwa mita 70 na darubini.
Mzee wa Podo, msituni naenda vipi?

Mzee_wa_Podo
Mwezi wa nne, ukishapiga 200. Beba mishale kumi ya bei rahisi yenye manyoya ya waridi au ya njano, kamwe si ya kijani. Chembe za mazoezi tu, zile za kuwindia hazikubaliwi. Na kipande cha mpira cha kuchomolea, maana mshale wa kaboni ukiingia kwenye povu hujishika kama msumari.

BabaNeema
Waridi? Neema atanicheka.

MamaPacha
Atakucheka zaidi ukirudi na podo tupu.