Naomba ushauri: straiki tatu halafu bado anakimbia, ni sawa?

Wakuu habari za jioni. Nafundisha watoto besiboli hapa Dodoma, kiwanja chetu vumbi tupu, na juzi kuna kitu kimenivuruga. Mpigaji kakosa straiki ya tatu (yaani kaukosa mpira mara ya tatu, kawaida hapo anatoka), mi nishanyoosha mkono kwamba auti, katolewa, kumbe mpira umempita mdakaji, yule anayekaa nyuma ya mpigaji, ukadunda mpaka kwenye miiba kule nyuma, dogo akatupa gongo akatimka hadi besi ya kwanza. Mrushaji wetu akaanza kulia, kocha si nilishamtoa?

Nimesoma sheria, kweli ipo, mdakaji asipoudaka kabla haujagusa chini mpigaji anaruhusiwa kukimbia kama besi ya kwanza haina mtu, au ina mtu ila auti zimeshafika mbili. Bila hilo sharti mdakaji angekuwa anaangusha makusudi ili atoe watu wawili kwa mpigo, hapo naona ina mantiki kabisa. Ila mrushaji anahesabiwa kamtoa kwa straiki hata kama mtu kafika salama, mpaka anaweza kuhesabiwa kawatoa wanne kwenye kipindi kimoja cha auti tatu, sasa mtoto wa miaka 11 unamwelezaje?

Na si sheria ya juzi, ilikuwepo kwenye sheria za klabu ya besiboli ya Knickerbocker kule New York 1845, na 1941 iliwaumiza sana timu ya Dodgers kwenye mechi ya nne ya fainali ya Marekani dhidi ya Yankees.

Jumamosi tunacheza tena. Niitumie, au niiweke kando kwanza mpaka wadakaji wangu wazoee, maana glavu ya kudakia tunayo moja tu? Walimu wa michezo nisaidieni jamani.