Tupeane uzoefu: Kanisa kwanza au Biblia kwanza, imeshawahi kuwagombanisha nyumbani?

Mgebuka wa Gungu: Jana kwenye jumuiya tumesoma 2 Timotheo 3:16, kwamba kila andiko lina pumzi ya Mungu, jirani mlokole akasema basi kesi imeisha, Biblia inatosha. Katekista akamfungulia 1 Timotheo 3:15, Kanisa ndo nguzo na msingi wa kweli. Tukaondoka hatujaagana. Nani yalishamkuta?

Binti Kasulu: Mimi yalinikuta msibani kwa baba na mpaka leo naumia. Baba Mkatoliki, kaka yangu mkubwa kaokoka. Usiku wa pili tuko kwenye mikeka uani, rozari imefika tendo la tatu, kaka akasimama katikati ya watu anasema nionyesheni andiko la kumwombea maiti. Katekista, mzee wa watu, akamjibu 2 Makabayo 12. Kaka akafungua Biblia yake anamulika kwa tochi ya simu, Malaki, halafu Mathayo, Makabayo hakuna, akasema si mnaona, mmejitungia! Wajomba wakainuka. Ndo mama akaongea, sauti haina hata nguvu: baba yako hakujua kusoma, huyo Yesu alimpata kwa mdomo wa katekista chini ya mwembe, na wewe ulimsikia kwa baba yako kabla hujajua a e i o u. Kaka akakaa. Rozari tukamaliza yeye kanyamaza.

Mama Tatu: Pole mdogo wangu, nimelia.

Mnyamwezi77: Pole. Ila hoja ya kaka ipo palepale, vile vitabu 7 vya Agano la Kale visivyo kwenye Biblia zetu za Kiprotestanti, Makabayo vikiwemo, mliviongeza kwenye mtaguso wa Trento (mkutano mkuu wa maaskofu) 1546.

Kibirizi Boy: Acha uongo, kwenye orodha ya mtaguso wa Karthago 397 vimo. Martin Luther, mwanzilishi wa Waprotestanti, ndo kavitoa.

Moravian Tabora: Hakuvitoa, Biblia yake ya 1534 vimo, aliviweka kando, vya kusoma ila si sawa na Maandiko. Someni jamani. Na Jan Hus, mhubiri wa Bohemia ambaye sisi Wamoraviani tunamhesabu baba yetu, aligoma kukana mafundisho yake mpaka aonyeshwe kosa kwa Maandiko, wakamchoma moto 1415, tena ni mtaguso wa Kanisa ndo uliomhukumu. Inatuuma sana hiyo.

Kibirizi Boy: Na vitabu 27 vya Agano Jipya, nani alikwambia ni 27 kama si hao maaskofu?

Moravian Tabora: Walivitambua, hawakuvipa uungu.

Mke wa Fundi: Mume wangu Mkatoliki mimi mlokole, tunasoma zaburi moja kabla ya kulala, hakuna kuelezana. Mwaka wa 9 huu.

Mnyamwezi77: Hapana, mfundishane, mkinyamaza watoto watashika lipi?

Mwana Ujiji: Mimi Muislamu, nimepita kumpa pole dada. Msibani mtu anyamaze, azike.

Mgebuka wa Gungu: Dada Kasulu, kaka alirudi?

Binti Kasulu: Arobaini hakuja. Alituma hela ya mchele, ya Misa hakutuma. Mama kapokea, ila kwenye daftari la michango mstari wake kauacha wazi, kasema aje aandike kwa mkono wake.