Tupeane uzoefu: minyoo wa miba kwenye tangi la maji ya chumvi

Lita180 (Dar)

Wakuu, habari za jioni. Tunaofuga samaki wa maji ya chumvi tuko wachache, ila najua mpo. Leo tuwajadili wale minyoo wa rangi ya waridi au kahawia, wenye vishada vya miba myeupe ubavuni, wanaotoka taa zikizimwa. Mimi nawaita upupu wa baharini, na aliyewahi kuwagusa anajua kwa nini.

Naanza na yangu. Nilinunua mawe ya tangi kwa jamaa aliyekuwa anavunja tangi lake, kumbe nao walikuja wamejificha humo. Miezi mitatu sikuona kitu. Usiku mmoja umeme ukakatika, nikamulika tochi kuangalia kama samaki wanapumua, nikakuta mchanga unatembea! Nilihesabu hadi kumi na saba nikaacha, mwili unasisimka. Asubuhi yake nikaingiza mkono mtupu kunyanyua jiwe. Mwanzoni ni kama umeshika sufi. Dakika mbili baadaye vidole vinawaka moto. Nikaongeza kosa, nikavisugua kwenye suruali, miba ikavunjikia ndani. Shemeji yangu ndiye aliyeniokoa: alibandika selotepu na kuibandua kama mara nne, miba ikatoka nayo, kisha akapaka siki. Uvimbe ulikaa siku tatu. Tangu hapo, bila glavu siingizi mkono.

Haya, leteni zenu. Mliwatoa wote au mnaishi nao?

NgisiWaNyali (Mombasa)

Mie natega. Chukua chupa ndogo ya plastiki, toboa matundu mawili, pitisha vipande vya mrija wa soda vielekee ndani. Tia kipande cha ngisi na kijiwe cha kuizamisha. Ilaze mchangani ukizima taa, uitoe alfajiri. Usiku wa kwanza nilipata sita, wa pili kumi na mmoja. Siku moja nikapitiwa na usingizi hadi adhuhuri: minyoo washatoka, ngisi kaoza, maji yananuka. Usimkate mnyoo kwa kibano, ndugu yangu. Wako ambao kila kipande kinaota kikawa mnyoo mzima.

Maskati_Kwetu

Mimi niliwaua wote, na najuta mpaka leo. Nilimwaga dawa ya minyoo ya mifugo ndani ya tangi. Walikufa kweli, lakini walifia ndani ya mawe ambako mkono haufiki. Siku ya pili maji yamekuwa kama uji, amonia (sumu itokanayo na uozo) imepanda. Wale minyoo wazuri wa mashada, wanaofunguka kama maua na niliowanunua kwa pesa yangu, nao wakafa. Kumbe ni ukoo mmoja. Nilibadilisha nusu ya maji siku nne mfululizo na bado nikazika samaki watatu. Halafu mabaki ya chakula yakaanza kuonekana kila kona. Ndipo nikaelewa nani alikuwa anafagia.

BintiChwaka

Shikamooni wakubwa. Mimi nilimkuta mnyoo anamla samaki wangu, nikaapa ndiye muuaji. Kupima maji, amonia iko juu. Samaki alikufa mwenyewe, mnyoo alikuja matangani tu.

Lita180

😂 Marahaba. Matangani na akala peke yake.

KakaMistari (Nairobi)

Nilijaribu samaki mwenye mistari sita, Pseudocheilinus hexataenia. Minyoo wadogo aliwadonoa vizuri, wakubwa hakuwasogelea. Shida ni ubabe: kila samaki mpya niliyemtia baada yake alifukuzwa hadi akajificha nyuma ya pampu. Kumtoa ilibidi nihamishe mawe yote. Kama tangi lako ni dogo, sikushauri.

Mpwani_Leicester

Msichanganye hawa na wale minyoo wenye taya. Huku Uingereza, mwaka 2009, Blue Reef Aquarium ya Newquay (jumba la maonyesho ya samaki) walikuwa wanakuta matumbawe yamekatwa usiku bila kujua ni nani. Wakatoa mawe ya tangi moja moja, wakamtoa mnyoo wa futi 4 hivi. Huyo ni jambazi. Wako wa waridi, Lita180, ni mzoa taka. Swali langu: unalisha mara ngapi kwa siku?

Lita180

Umenikamata. Mara tatu, na mtoto naye anaongeza zake.

NgisiWaNyali

Hapo sasa! Minyoo wako wanakula daku na futari.

Lita180

Narudi na mrejesho, wiki ya sita. Nalisha mara moja, kiasi wanachomaliza ndani ya dakika mbili, na kopo la chakula liko juu ya kabati. Mchanga naufyonza kwa mpira kila Jumamosi. Mtego nimeutia mara mbili tu. Jana usiku nimemulika, nimeona wanne. Mmoja mrefu kama kalamu anakaa nyuma ya pampu. Huyo sijamgusa.