Jumapili mbili Tucson: nizunguke mitaa ya zamani kwa baiskeli namna gani?

Mtoto wa Kamalondo

Jambo ndugu zangu. Niko Lubumbashi, nafanya kazi maabara, napima sampuli za shaba. Mwishoni mwa Septemba naenda Tucson, Arizona, kwa wiki tatu za mafunzo katika chuo kikuu cha huko. Siku za kazi zimejaa, hata Jumamosi. Jumapili mbili ndizo zangu.

Sitaki kuzimalizia madukani. Mimi ni mtu wa kinga, yaani baiskeli, tangu utoto. Huku nyumbani kila Jumapili alfajiri, kabla vumbi halijaamka, natoka Kamalondo, napita kanisa kuu la Petro na Paulo, nazunguka sinagogi ya zamani, nasimama kuangalia nyumba zenye varanda za wakati mji wetu ukiitwa Élisabethville, kisha naenda hadi nilione lile lundo jeusi la mabaki ya shaba na bomba lake la moshi. Nikimaliza mzunguko huo nimekuwa mtu mzima wa kuanza wiki.

Nataka kufanya hivyo kule pia. Milima na miiba nitaiona kwenye dirisha la basi. Ninachotafuta ni mitaa ya zamani, nyumba, bustani za watu wote. Je, inawezekana kwa mgeni aliye peke yake? Nianzie wapi? Na jua la jangwa je?

Yaya wa Makomeno

Mdogo wangu, umenigusa. Nilisoma Tucson miaka minne na sikuwa na gari hata siku moja. Mji ule niliujua nikiwa juu ya baiskeli, kwa hiyo nitakueleza ninavyoujua mimi.

Kwanza jina. Wenyeji wa ardhi ile ni Tohono O'odham, na Tucson limetoka kwenye maneno yao ya kusema chini ya mlima mweusi. Utauona mlima huo, mdogo, magharibi ya mji, una herufi A kubwa ubavuni. Chini yake watu wamelima kwa zaidi ya miaka 4,000. Wahispania walianzisha ngome yao mwaka 1775, baadaye pakawa Mexico, na mwaka 1854 Marekani ikapachukua kwa kununua ardhi. Reli ilifika 1880. Mwaka huo wa reli ushike sana, utakufaa barabarani.

Anzia Barrio Viejo, kusini kidogo ya katikati ya mji, barabara za Convent na Meyer. Uwe pale jua linapochomoza. Nyumba ni za matofali mabichi, ndugu ya haya tunayofyatua huku kwa udongo wa kichuguu, ila ukuta ni mnene kama urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole. Nyingi hazina bustani mbele wala uzio. Ukuta unaanza pale njia ya miguu inapoishia, na mlango unafungukia barabarani. Zimeshikana bega kwa bega, moja buluu, moja rangi ya chungwa, moja waridi iliyopauka. Uwanja uko nyuma, umefichwa jua. Mwenye gari ataona rangi akapita. Wewe nenda polepole upande wa kivuli, usogee karibu na ukuta, utahisi ubaridi wa usiku bado umelala ndani ya udongo. Mimi jangwa nililielewa pale. Watu wale hawakuwa na feni wala umeme, walikuwa na unene wa ukuta.

Kwenye Meyer tafuta jengo la Teatro Carmen. Mama mmoja, Carmen Soto Vásquez, alilifungua mwaka 1915 ili watu wa mtaa waone michezo ya kuigiza kwa Kihispania, lugha waliyolala nayo na kuamka nayo. Nilikuwa nikisimama hapo kila nilipopita. Mwanamke wa mwaka ule, katika mtaa ule, akainua jumba zima kwa ajili ya lugha!

Sasa jambo ninalotaka usikose. Kutoka hapo panda kaskazini, dakika chache tu, ufike kwenye kumbi za mikutano na uwanja mpana wa saruji. Shuka. Hapo palikuwa ni mtaa huohuo ukiendelea. Mwaka 1966 wapiga kura waliidhinisha mpango wa kuufanya mji upya, matingatinga yakaja, hekta zaidi ya 30 zikafagiliwa: nyumba za Wamexico, maduka ya Wachina, familia za Weusi, vinyozi, waoka mikate. Jumba la mikutano likafunguliwa 1971. Barrio Viejo unayopiga picha leo ni pindo la kitambaa kilichokatwa. Wageni wengi wanashiba rangi na hawafiki kwenye saruji. Nakuomba ufike. Ukirudi kwa zile nyumba zilizosalia utazisalimia kama jamaa walionusurika.

Karibu na hapo, barabara ya Main, kuna ukuta wa udongo uliobomoka, mbele yake mishumaa. Wanapaita El Tiradito. Wanasimulia kwamba mtu aliuawa kwa ajili ya mapenzi na akazikwa alipoangukia. Simulizi ni nyingi, kila bibi ana ya kwake. Barabara kuu ilipopangwa kupita mtaani, wakazi walipigania mahali pale paingizwe kwenye orodha ya taifa ya sehemu za kihistoria. Pakaingizwa 1971, na barabara haikupita. Ukuta mbovu wenye masizi!

Baada ya hapo elekea mashariki, Armory Park. Hapa ndipo ule mwaka wa reli utakapokujia mbele ya macho. Matofali ya kuchoma, mbao, mabati, varanda pana, nyumba zimerudi nyuma zikaacha majani mbele. Walioishi humo wengi walikuwa watu wa reli, na reli ndiyo iliyoleta vifaa. Unakanyaga pedeli dakika kumi, umevuka kutoka kabla ya 1880 hadi baada yake. Lakini angalia kivuli: nyumba ikirudi nyuma, mpita njia anabaki na jua shingoni. Mimi napenda Armory Park, ina miti na bustani nzuri ya kupumzika, ila kwa akili ya kujenga jangwani nawapa ushindi wale wa Convent.

Kuendesha ni upande wa kulia kama kwetu, hilo halitakusumbua.

Dada aliye Tucson

Yaya amesema vizuri, mimi naongeza mambo ya mwili, maana bado naishi huku na sikutaka mtoto wa nyumbani aumie.

Mwishoni mwa Septemba mchana bado ni nyuzi 35 au zaidi. Lubumbashi mko juu, mita kama 1,200, na Septemba yenu ina upepo. Huku hutoki jasho la kuonekana, linakauka kabla hujaligusa, kwa hiyo mtu anadanganyika. Beba maji lita tatu, kunywa kabla hujasikia kiu, na ifikapo saa nne asubuhi uwe unarudi.

Pili, mbigiri. Huu mji una mbigiri zilezile zenye pembe mbili kama mbuzi. Usiweke baiskeli kwenye majani makavu kando ya njia, ibebe. Kodi baiskeli yenye matairi mazito na udai mpira wa ndani wa akiba, viraka na pampu.

Tatu, reli za tramu, ilianza 2014, zinapita katikati ya mji na Fourth Avenue. Tairi likiingia kwenye mfereji wa reli umeanguka. Mimi nilianguka, kifundo kikavimba wiki mbili. Zikate kama msalaba, usizifuate kwa mshazari.

Halafu Yaya amesahau upande wangu! Pita chini ya reli uende kaskazini, Dunbar Spring. Huo ulikuwa mtaa wa Weusi wa hapa. Shule ya Dunbar ilijengwa 1918 kwa watoto Weusi peke yao, na ubaguzi huo wa shule haukuondolewa hadi 1951. Lakini kinachonirudisha pale ni kingo za barabara. Wakazi wamekata matundu kwenye ukingo wa saruji ili maji ya mvua yanayokimbia barabarani yaingie kwenye mashimo ya miti. Mji huu unapata mvua kama milimita 300 kwa mwaka, na nyingi inashuka kwa vishindo kati ya Julai na Septemba. Maji ambayo zamani yalipotea sasa yananywesha miti ya jangwani, na barabara zake zina kivuli. Mwenye baiskeli anapita chini ya matawi.

Jumapili ya pili nenda mashariki kwa Third Street, njia tulivu ya baiskeli inayotoka chuoni na kuingia mtaa wa Sam Hughes. Nyumba za miaka ya 1920 na 1930, za chokaa nyeupe na vigae. Pumzika Himmel Park, ina miti mikubwa. Ukitaka umbali, kuna The Loop, zaidi ya kilomita 200 za njia isiyo na magari, sehemu kubwa kando ya mito mikavu. Usishangae kuona daraja na chini yake mchanga mtupu.

Mzee wa Katuba

Mwanangu wa Kamalondo, safari njema. Nina neno moja.

Huyo Yaya amekuambia usimame kwenye saruji. Mimi nimezaliwa kambi ya Union Minière, kampuni ya shaba ya wakati wa Wabelgiji, na nilipomsoma nilikumbuka kwetu. Mji wetu ulipopangwa baada ya 1910, kati ya mji wa Wazungu na mtaa wenu wa Kamalondo waliacha ukanda usio na nyumba, makusudi, ili watu wasikae karibu. Kule walibomoa wakapata nafasi wazi. Huku waliichora kabisa kabla ya kujenga. Baba yangu aliivuka kwa miguu asubuhi na jioni. Wewe unaivuka na kinga kila Jumapili, na nadhani hakuna aliyewahi kukuonyesha ilipoanzia.

Ukirudi, njoo Katuba. Nina miaka yangu lakini naweza kukaa nyuma ya baiskeli. Nitakuonyesha.

Mtoto wa Kamalondo

Papa, aksanti sana. Ni kweli, sijawahi kuonyeshwa. Nitakuja, na kiti cha nyuma nitakifunga mto.

Yaya, swali: nyumba zile za Barrio Viejo, mtu anaweza kuingia ndani?

Yaya wa Makomeno

Ni makao ya watu, usichungulie madirishani hata kama yako usawa wa uso wako. Salimia, subiri. Ukitaka kuona ndani bila kumsumbua mtu, kona ya ngome ya zamani imejengwa upya kaskazini ya mahakama ya zamani, ile yenye kuba la vigae vya rangi.

Mtoto wa Kamalondo (Oktoba)

Nimerudi. Nilifanya kama mlivyosema, ila Jumapili zote mbili niliishia Convent. Sam Hughes niliipita haraka, nzuri lakini moyo haukushuka.

Jumapili ya kwanza nilisimama kwenye saruji ya ukumbi wa mikutano saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hapakuwa na mtu, njiwa tu. Nilihesabu hatua kutoka ukingo mmoja hadi mwingine nikafika mia tatu nikaacha.

Ya pili, mzee mmoja alikuwa akimwagilia vyungu vya maua mlangoni. Nilimsalimia, akauliza natoka wapi, nikamwambia mji wa shaba, akacheka kwa furaha kwa sababu baba yake alichimba shaba hukohuko Arizona. Akanionyesha sehemu ya ukuta wake iliyobanduka. Ndani kulikuwa na majani makavu na vijiwe, kama matofali ya bibi yangu. Akaniambia adui wa ukuta ule ni plasta ya saruji: mtu anaipaka akidhani anaimarisha, kumbe unyevu unafungiwa ndani, tofali linalainika chini na kumomonyoka huku nje panang'aa. Yeye amekwangua saruji yote ya mwenye nyumba wa kwanza, akapaka chokaa, ukuta ukapumua.

Nimekaa kwenye ndege nikiwaza nyumba ya bibi. Mwaka juzi mjomba aliipaka saruji, na tangu masika yaliyopita chini ya dirisha panadondoka unga. Tulidhani ni mchwa. Mvua inaanza karibuni. Kuna anayejua chokaa nzuri ya ukutani inapatikana wapi huku?

Yaya wa Makomeno

Chokaa ya Kakontwe, kule Likasi. Usinunue kabla hatujaukwangua huo ukuta tuone hali ya tofali. Jumamosi niko huru. Nitakuja na patasi mbili, wewe mpitie Papa Katuba, yeye atakuwa anajua jinsi walivyopaka zamani.