Rangi ya garimoshi langu inabanduka kwenye boila, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Nipo Dodoma, natengeneza mfano wa garimoshi la mvuke la daraja la 31 la East African Railways (shirika la zamani la reli la Afrika Mashariki), yale yaliyoundwa Vulcan Foundry, Uingereza, 1955 na 1956. Nimelipunguza mara 8, hivyo reli yetu yenye upana wa mita moja imekuwa milimita 125. Haliwashwi moto.

Boila (tangi la mvuke) nimelikunja kwa bati jeupe. Nikapiga praima (rangi ya kwanza) ya redi oksaidi, kisha rangi ya mafuta, damu ya mzee kama ya East African Railways. Ilipendeza mno! Wiki ya tatu ikaanza kuachia kwenye mikanda ya boila. Ukigusa kwa ukucha linatoka ganda zima, na chini bati linang'aa kama limetoka dukani leo. Tenda (kigari cha maji na mafuta kinachofuata nyuma) ni la chuma cheusi, rangi ileile, imeshika vizuri kabisa.

Nimekwangua, nikapiga msasa namba 240, nikafuta kwa tina, nikarudia. Yaleyale. Fundi mmoja wa magari kasema nioshe kwa siki kwanza. Naogopa kutu kwenye ribiti.

Je, siki inatosha, au kuna praima maalumu ya bati jeupe? Na kwa upepo huu wa Dodoma, mnazuiaje vumbi lisinase kwenye rangi mbichi? Napakia uani, sina chumba.